Wimbo Uliopewa Kazi: Jinsi Ngũgĩ Alivyojenga Mchezo wa Nyimbo

Kikundi cha maigizo kikifika uwanjani Likoni au Changamwe, Mombasa, kwa kazi ya uhamasishaji, utaratibu unajulikana. Ngoma zinapigwa, vijana wanacheza, watu wanajaa, kisha muziki unazimwa ili ujumbe uanze. Yale ya maana yanasemwa kwa maneno matupu, na wimbo unarudi mwishoni kuwaaga watu. Hapo wimbo ni mpiga mbiu tu. Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye wengi wanamjua kwa riwaya zake, aliwahi kuupa wimbo kazi nzito zaidi ya hiyo. Namna alivyofanya inafaa kufunguliwa hatua kwa hatua, kwa sababu sehemu kubwa yake haihitaji fedha ambazo kikundi cha Kisauni hakina.

Ngũgĩ, aliyefariki Mei 2025 huko Marekani, alizaliwa Kamĩrĩthũ, Limuru, mwaka 1938. Mchezo wake The Black Hermit ulionyeshwa Kampala Novemba 1962, katika shamrashamra za uhuru wa Uganda, naye akiwa bado mwanafunzi wa Makerere. Ulikuwa mchezo wa Kiingereza, na uzito wake wote ulikuwa kwenye mazungumzo. Miaka 14 baadaye, yeye na Mĩcere Gĩthae Mũgo walipotoa The Trial of Dedan Kimathi, lugha ilikuwa ile ile lakini nyimbo na ngoma zilikuwa zimeshaingia ndani ya kesi yenyewe ya Kimathi, kiongozi wa Mau Mau. Ulipopanda jukwaa la Kenya National Theatre, Nairobi, Oktoba 1976, watazamaji waliinuka mwishoni wakaungana na waigizaji, wakatoka nao wakiimba mpaka barabarani.

Mchezo huo, pamoja na Betrayal in the City wa Francis Imbuga, ulikuwa umeteuliwa kuiwakilisha Kenya kwenye tamasha la sanaa la FESTAC mjini Lagos mwaka 1977. Hata hivyo ulipewa siku chache tu ukumbini, kwa kuwa nafasi ilikuwa ya baleti kutoka Ufaransa na ya A Funny Thing Happened on the Way to the Forum, mchezo wa Marekani ambao nyimbo zake zilitungwa na Stephen Sondheim. Kisa hiki husimuliwa kama ushahidi kwamba ukumbi wa taifa haukuwa wa taifa, na ushahidi huo una uzito. Lakini ukikitazama kwa jicho la fundi, utaona kingine: njia mbili za kutengeneza mchezo wa nyimbo zilikutana kwenye mlango mmoja.

Njia ya Sondheim haikuwa ya kubeza. Mwaka 1962, kabla ya kuingia New York, mchezo wake ulijaribiwa Washington na watazamaji hawakucheka. Tatizo lilionekana kuwa wimbo wa ufunguzi: uliwaandaa watu kwa kitu kingine, si vichekesho walivyokuja kuviona. Sondheim akaandika wimbo mpya, Comedy Tonight, mchezo ukafaulu. Kwa hiyo hata Broadway mtazamaji ni mhariri. Swali ni anakaribishwa lini, na anaruhusiwa kugusa nini. Kule alikaribishwa kazi ikiwa imekwisha kushonwa, na kauli yake ilikuwa kucheka au kunyamaza. Kamĩrĩthũ alikaribishwa kabla kitambaa hakijakatwa.

Mwishoni mwa 1976 kituo cha elimu na utamaduni cha Kamĩrĩthũ kiliwaomba Ngũgĩ na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waandike mchezo. Rasimu ilikuwa tayari Aprili 1977, ikaanza kusomwa hadharani. Ndiyo iliyozaa Ngaahika Ndeenda, ambao wasomaji wa Kiswahili wanaujua kwa jina la Nitaolewa Nikipenda. Kĩgũũnda, kibarua mwenye ekari moja na nusu, ameitundika hati ya shamba lake ukutani. Tajiri wake anamsukuma afunge ndoa ya kanisani, Kĩgũũnda anakopa benki, na mwisho wake shamba linaondoka. Kwenye karatasi ni kisa kifupi. Kilichokifanya kijae jukwaa ni jinsi wanakijiji walivyokishika.

Kwanza waliishika lugha. Limuru kulikuwa na kiwanda cha viatu cha Bata, na mashamba ya chai yanayoizunguka. Waliosikiliza rasimu walikuwa wenye kazi hizo. Waliposikia mzee jukwaani akizungumza kama kijana walikataa, wakaonyesha mzee huanza vipi na huweka methali wapi. Palipotajwa kiwanda, wafanyakazi walieleza kazi inavyokwenda na ujira unavyoliwa, mpaka maneno ya mhusika yakasimama kama hesabu. Hii si kazi ya kupamba. Mtazamaji akilisikia kosa moja kuhusu kazi yake mwenyewe, anaacha kuamini na mengine yote.

Pili, na hapa ndipo penye ufundi hasa, walilishika umbo la wimbo. Mchezo una sherehe ya arusi, na waandishi walihitaji Gĩtiiro, uimbaji wa zamani wa Wagĩkũyũ. Wao hawakuujua vya kutosha. Bibi mmoja wa kijijini aliyekuwa akiufahamu ndiye aliyewafundisha unavyojengwa. Gĩtiiro ni mazungumzo ya kuimbwa na kuchezwa: upande huu unatoa neno, upande ule unajibu, na mambo ya ndoa yanasonga mbele ndani ya kupokezana huko. Hebu tazama uimbaji huu unachofanya jukwaani. Kama wangekaa watu wawili mezani wakajadiliana masharti ya posa, ingekuwa kurasa kadhaa za maneno na hadhira ingepiga miayo. Katika Gĩtiiro majadiliano yale yale yanafanyika mbele ya macho ya wote, yana mdundo, na kila jibu linambana aliyeuliza. Wimbo umechukua nafasi ya mazungumzo. Ukiuondoa, arusi haifungiki.

Hiki ndicho kipimo ambacho mwongozaji yeyote anaweza kukitumia leo. Chukua mswada wako, futa nyimbo zote, kisha usome. Kisa kikibaki kizima, nyimbo zako hazikuwa na kazi. Kikikatika mahali, hapo ndipo wimbo ulipokuwa ukifanya kazi.

Tatu, walizitumia sauti ambazo watu walikuwa nazo tayari. Wakati wa Mau Mau wapiganaji walichukua tuni za nyimbo za dini wakazitia maneno ya kudai ardhi. Kwenye mchezo huu nyimbo za kanisa na nyimbo za mapambano zinakaa ndani ya hadithi moja, kila moja na wenyewe. Faida yake kwa mtunzi ni kubwa: hadhira haihitaji dakika za kujifunza wimbo, na pale maneno yanapogeuka, mgeuko wenyewe unasikika mara moja.

Nne, mahali. Wanakijiji walijenga wenyewe ukumbi wa wazi wa watu zaidi ya 2,000, baada ya kuupanga kwanza kwa njiti za kiberiti. Mazoezi yalifanywa mbele ya yeyote aliyependa kukaa. Mchezo ulipofunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977, wengi waliofika walikuwa wameshazijua nyimbo. Kwa hiyo kiitikio kilitoka pande zote, na mstari kati ya jukwaa na viti ukafifia bila hila yoyote ya taa.

Tarehe 16 Novemba mkuu wa wilaya ya Kiambu aliondoa leseni. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ alikamatwa, akakaa kizuizini karibu mwaka mzima bila kushtakiwa. Alipotoka na kurejea kwenye jukwaa, aliikaza njia ile ile.

Kazi iliyofuata, Maitũ Njugĩra, ilikuwa mchezo wa nyimbo waziwazi. Unarudi kwenye miaka ya 1920 na 1930, wakati wa pasi ya kipande, kodi na vibarua wa mashamba ya walowezi. Kwa kuwa vibarua wa zama hizo walitoka kila upande, nyimbo zake zilichukuliwa kutoka jamii zaidi ya nane za Kenya, kila moja kwa lugha yake. Kwa hesabu ya kawaida hilo ni kosa: mtazamaji atakosa maneno ya nyimbo nyingi. Waandaaji walilijibu kwa kuunganisha sauti na mwendo, maigizo ya kimya na picha za slaidi, ili asiyeshika maneno ashike tendo. Pia tofauti ya lugha yenyewe ilisema jambo ambalo hotuba ingelisema vibaya, kwamba mzigo wa kipande haukuwa wa kabila moja.

Mchezo ulikuwa ufunguliwe Kenya National Theatre tarehe 19 Februari 1982. Waigizaji walifika wakakuta milango imefungwa na polisi wapo. Kwa hiyo kilichoonekana na umma ni mazoezi tu, yaliyofanyika katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na hayo pekee yalivuta watu zaidi ya 10,000 kwa makadirio. Mwezi Machi kituo cha Kamĩrĩthũ kilifutiwa usajili, polisi wakaja na malori wakaubomoa ukumbi wa wanakijiji. Mwaka huo huo Ngũgĩ aliingia uhamishoni. Ngũgĩ wa Mĩriĩ na mwongozaji Kĩmani Gecaũ wakaenda Zimbabwe. Ngaahika Ndeenda ulionyeshwa Kenya National Theatre mwaka 2022, miaka 45 baada ya kupigwa marufuku.

Njia hii ina bei yake. Inakula miezi. Inamtaka mwandishi akubali kurekebishwa na mtu asiyesoma, na baadaye ni vigumu kusema mstari upi ni wa nani, jambo linaloleta ubishi siku ya kugawana haki za kazi. Tena mchezo uliojengwa ndani ya watu wa mahali pamoja hausafiri kirahisi. Sehemu ya nguvu yake inabaki kwa wale walioujenga.

Lakini tazama Mombasa ina nini mkononi. Gĩtiiro tusiuombe Limuru. Tuna vugo, akina mama wakiimba arusi huku wakigonga pembe. Tuna vyama vya lelemama vilivyowahi kushindana mjini, wanawake wakijibizana kwa nyimbo mpaka aliyesemwa ajue kasemwa. Tuna sengenya ya Wadigo upande wa Likoni, na mwanzele wa Wamijikenda. Maumbo haya yote yana kupokezana ndani yake, maana yake yana uwezo wa kubeba ugomvi, posa, kesi au mgomo. Sisi tumeyafanya mapambo ya kupokelea wageni.

Kisa nacho kipo. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma kwa karibu wiki mbili, bandari ikasimama, na mikutano yao ikafanyika katika uwanja uliopata jina la Kiwanja cha Maskini. Waliogoma walitoka Pwani, Ukambani, Nyanza na Mlima Kenya, mchanganyiko ule ule ambao Maitũ Njugĩra uliutafutia nyimbo. Changamwe ya leo, yenye makontena, malori na mtambo wa kusafishia mafuta ulioacha kusafisha mwaka 2013, ina watu wanaojua kazi ya bandari kwa mikono yao, na wengine wamesimuliwa na wazazi ilivyokuwa kabla ya makontena.

Kikundi kitakachotaka kukijaribu kisa hicho kisianze kwa kumtafuta mtunzi maarufu wala ukumbi wa kisiwani. Kisome rasimu yake uwanjani, mbele ya makuli wastaafu na akina mama wa vugo, kabla ya kuandika wimbo wa kwanza, na kiandike upya kila watakapokataa. Hao tumezoea kuwaalika siku ya uzinduzi na kuwapa viti vya mbele, wakati ambapo hawana tena la kubadilisha.