FamilySearch Imeingia Wattaya, na Akina Bibi Wamepata Pa Kukaa

Jamani, wekeni vikombe chini mnisikilize! Wengine mnaijua zamani. Mie ndio kwanza naifungua FamilySearch, programu ya mti wa ukoo, kwenye simu, Ijumaa baada ya wali, nyumbani Wattaya, Muscat. Adhana ya alasiri inatukuta chumba kizima kimeniinamia, kila mtu anataka jina lake liingie.

La kwanza: ni bure. Si bure ya kukuonjesha halafu udaiwe kadi ya benki, bure kabisa! Unaandika jina lako, la baba, la mama, unapanda. Walio hai wanafichwa, mgeni hawaoni. Waliotangulia wanaingia kwenye mti mmoja wa dunia nzima, wenye majina zaidi ya bilioni moja.

Lakini kilichonirusha roho ni ule mchoro wa umbo la upepeo. Wewe uko chini katikati, ukoo unakufungukia juu kwa rangi, nusu kuumeni, nusu kukeni. Sisi tuliotoka Zanzibar nusu ya kuumeni tunayo kama Fatiha: fulani bin fulani bin fulani, mpaka kabila, mpaka kijiji cha Sharqiya. Ndiyo tuliyorudi nayo baada ya 1970, Sultan Qaboos aliposhika nchi na kuwaita Waomani walioko nje. Nasaba ya baba ndiyo iliyosema wewe ni wa hapa. Mama wa babu, wa Pemba au wa Ujiji, hakuna aliyemtaka kwenye maelezo.

Programu hii haina haya hizo! Kila baba unayemwandika, ubavuni mwake kisanduku kitupu kinamdai mama. Shangazi, ambaye mazungumzo hayo huyakata kwa kuagiza kahawa, alikitazama kile kisanduku, akataja jina tusilowahi kulisikia. Mnyamwezi, wa Tabora, mama wa babu yake.

"Shangazi, mbona siku zote hukusema?"

"Na posa zenu ningezifanyaje?"

Chumba kimya! Anayeijua Muscat anajua kufu, ule ulinganifu wa nasaba, inavyoulizwa mtu anapokwenda kuposa. Nikabonyeza kurekodi papo hapo, maana sauti nayo inabandikwa kwenye jina la marehemu. Sasa yupo, kwa Kiswahili cha Shangazi, na kicheko chake mwishoni.

Nikafikiria mpaka nasaba ya kifalme ya Zanzibar. Bibi Salme, aliyezaliwa Mtoni 1844, kwa baba ni binti Sayyid Said, na msururu wa Busaidi unajulikana. Mama yake, Jilfidan, suria wa Kicherkesi, tunamjua hivyo kwa sababu binti mwenyewe alimwandika katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa Ujerumani 1886. Masuria wangapi hawakuwa na binti wa kuwaandika?

Haya, kasoro. Majina yetu yanaipa tabu. Kharusi, Al Kharusi, Alkharusi: babu mmoja anaweza kujikuta ameandikwa mara tatu, na "bin" hujui uiweke wapi. Marehemu ni wa wote, kwa hiyo mwenye akaunti yeyote anaweza kumsahihisha, au kumharibu. Kisanduku cha ndoa nacho hakiulizi mwanamke alifikaje nyumbani: kwa mahari, au kwa kununuliwa, maana Zanzibar hadi 1897 sheria iliutambua utumwa. Hilo utaliandika mwenyewe kwenye maelezo, ukithubutu.

Na jambo zito: mwenye mali ni Kanisa la Wamormoni, la Salt Lake City, ambalo lina ibada za kuwabatiza waliokufa kwa niaba yao. Kwa nyumba ya Kiislamu hilo si dogo, na kwetu tulilibishania mpaka magharibi. Kaka yangu hataki wazee wake waonekane humo hata kidogo. Shangazi anasema Mungu anawajua walio wake. Zungumzeni kabla ya kumwandika marehemu.

Hukumu yangu? Ipakueni! Ukiogopa mti wa dunia, chora huo upepeo kwenye karatasi, muhimu visanduku vya kukeni visibaki vitupu. Binamu wa Mombasa keshapigiwa simu. Yeye ndiye aliye karibu na dada wa Shangazi, na yule bibi ana miaka themanini na kitu na bado anakumbuka nani alizaliwa na nani. Simu ichajiwe leo leo, aende kesho!