Kimya cha Mezani

Karen Blixen sisi tulimjua kama mlowezi wa kahawa chini ya vilima vya Ngong, aliyeishi Kenya tangu 1914 hadi 1931. Kwa hivyo nilikawia kuvisoma visa vyake vya kwao. Iliyonirudisha kwake ni filamu ya Gabriel Axel, Karamu ya Babette (1987). Kisa Blixen alikiweka Norwei. Axel akakihamishia Denmark, pwani ya Jutland, penye upepo, samaki mkavu na uji wa mkate na bia. Naona alifanya vyema.

Mpishi Mfaransa, mkimbizi wa mwaka 1871, anashinda faranga 10,000 za bahati nasibu, akaziteketeza zote kwa mlo mmoja wa watu kumi na wawili. Nao wazee wa dini wamekwisha kuahidiana wasitamke neno juu ya chakula! Jenerali akisifu divai, hujibiwa habari za theluji.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, twasema sisi. Huyu wa Jutland anapona kimyakimya. Kitabuni kimya hicho chaelezwa. Kwenye filamu nilikiona nyusoni mwa mahasimu wa miaka mingi, wakisameheana baina ya kijiko na kijiko.