Lugha ya Timu Isiyoshinda: Uhakiki wa Utangazaji wa Soka Mpakani Busia na Tororo

Uhakiki katika kurasa za jarida hili umezoeleka kuwa wa riwaya, tamthilia na ushairi. Safari hii tunamwomba msomaji atuvumilie tuhakiki matini ambayo haina jalada wala kurasa: utangazaji wa mpira wa miguu kwa Kiswahili, kama unavyowafikia mashabiki wa AFC Leopards wanaoishi Busia zote mbili, ya Kenya na ya Uganda, hadi Tororo. Leopards, au Ingwe kama tunavyoiita, tumeichagua kwanza kwa sababu ndiyo timu yetu tangu utotoni, na hatuna haja ya kuficha upendeleo huo. Lakini ipo sababu ya kitaaluma pia. Ingwe kwa miaka mingi imekuwa timu ya katikati, na ni katika mechi za timu ya katikati ndipo mtangazaji anapojulikana kama lugha anayo au hana. Bao la ushindi la dakika ya mwisho kila mtu anaweza kulitangaza. Jumamosi yenye mvua, timu ya saba ikicheza na ya kumi, hapo ndipo pana kazi.

Tueleze kidogo historia ya klabu kwa faida ya wasiofuatilia soka. Ilianzishwa mwaka 1964 ikiwa na jina la Waluhya. Mwaka 1980, serikali ya Kenya ilipotaka vilabu na vyama viache majina ya kikabila, Abaluhya Football Club iligeuka kuwa All Footballers Confederation. Msomaji ataona ujanja uliofanyika: herufi AFC zilibaki pale pale, zikabadilishiwa maana tu. (Wanafunzi wa isimu wanaotafuta mfano wa akronimu iliyopewa maana mpya, wasiende mbali.) Kisha ulikuja wakati wa neema. Kombe la vilabu vya Afrika Mashariki na Kati tulilitwaa mara tatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984, na tena 1997. Ubingwa wa ligi ulikuja 1998. Baada ya hapo ilipita misimu zaidi ya 25 bila ligi. Katika miaka ya 2000 tuliwahi hata kushuka daraja, na tukarudi. Mwaka 2017 tulipata kombe la GOtv Shield kwa kuwafunga Kariobangi Sharks 2-0. Mtoto aliyezaliwa Busia mwaka 1999 amekua, amesoma, pengine ameoa, akiisikia timu yake ikitajwa hasa katikati ya orodha.

Mpaka wenyewe nao una hadithi. Hadi 1902 nchi hii ya magharibi ya Kenya ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Mstari ulipohamishwa, jamaa walijikuta katika himaya mbili. Wasamia wako pande zote mbili, na Wateso vilevile. Tororo kuna Wajopadhola, ambao lugha yao ni ya Kijaluo, na kwa hiyo si ajabu kumkuta chini ya mwamba wa Tororo shabiki wa Gor Mahia ambaye hajawahi kukaa Kisumu hata siku moja. Mechi ya Ingwe na Gor inaitwa mechi ya mashemeji, kwa kuwa Waluhya na Wajaluo wameoana sana. Watu wa Nairobi hulitumia jina hilo kama utani. Huku kwetu ni maelezo ya kweli ya nani amekaa na nani kwenye benchi moja akisikiliza redio. Shemeji hutaniwa lakini hatukanwi, na kanuni hiyo imesaidia kuweka adabu katika lugha ya ushabiki wa mpakani kuliko onyo lolote la chama cha soka.

Redio, basi. Sauti ya Kenya, iliyokuja kuwa KBC mwaka 1989, haikuhitaji kibali cha kuvuka forodha. Ilivuka tu. Na katika yote iliyovusha, hakuna maneno yaliyodumu kama yale matatu ya Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025: "Kadenge na mpira." Joe Kadenge alikuwa nyota wa timu ya taifa ya Kenya katika miaka ya 1960. Alifariki tarehe 7 Julai 2019, na miaka miwili baadaye UNESCO ikaitangaza tarehe hiyo hiyo kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Ni sadfa tu, lakini sadfa tunayoipenda.

Tuyatazame maneno hayo jinsi tunavyotazama mshororo wa shairi. Hayana kitenzi. Mwalimu wa sarufi angeyatia alama nyekundu: andika "Kadenge ana mpira", kiambishi cha nafsi kiko wapi? Hakipo kwa sababu mpira haukungoja. Sauti ilikuwa inakimbia nyuma ya mchezaji, na kila silabi iliyoweza kuachwa iliachwa. Kilichobaki ni nomino mbili na "na" katikati yao, na "na" hiyo haijulikani kama ni ya umilikaji au ya kuunganisha. Kadenge ana mpira? Au Kadenge pamoja na mpira, vitu viwili vinavyosafiri sawia? Msikilizaji alizisikia maana zote mbili kwa mara moja, na hiyo ndiyo sifa tunayoitafuta kila siku katika ushairi. Lakini jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba maneno hayo si ya bao. Hayasemi Kadenge amefunga. Yanasema mpira uko kwake, basi. Ni lugha ya katikati ya uwanja, lugha ya kazi inayoendelea.

Mtangazaji wa redio wa wakati ule alilazimika kusema mahali. Asiposema mpira uko wapi, msikilizaji yuko gizani. Hivyo tulisikia bila kukoma: pembeni, langoni, katikati, upande wa kushoto, karibu na kibendera cha kona, nje kidogo ya eneo la kumi na nane. Wenzetu wanaofundisha upande wa Tororo wanajua ugumu wa ngeli ya mahali. Mwanafunzi anayezungumza Lusamia ana viambishi vya mahali katika lugha yake, naye huifahamu PA-KU-MU bila taabu kubwa. Anayezungumza Ateso au Dhopadhola hana mfumo wa namna hiyo; kwake "langoni pamejaa watu" ni fumbo. Dakika tisini za utangazaji mzuri zilikuwa zoezi la kiambishi -ni ambalo kitabu cha kiada hakiwezi kulifikia, maana mwanafunzi mwenyewe alitaka kujua, na alitaka kujua sasa hivi.

Ikumbukwe pia Kiswahili kilikuwa na sifa gani Uganda. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa wengi kikabaki masikioni kama lugha ya askari kwenye kizuizi cha barabarani: simama, toa kitambulisho, lala chini. Hata baada ya katiba kurekebishwa mwaka 2005 na kukifanya lugha rasmi ya pili, fikra hiyo haikufutika. Redio ya mpira ilileta Kiswahili kingine kabisa, kisichomwamuru mtu. Kilimweleza kilichokuwa kikitendeka mbali, kikamwacha aamue mwenyewe kama atafurahi au atahuzunika. Tunaamini kwamba kwa wazee wengi wa Tororo na Busia ndicho Kiswahili cha kwanza walichokisikia kwa hiari.

Sasa tugeukie utangazaji wa leo, na hapa hatuna budi kusema wazi. Vijana wanaotangaza katika vituo vya FM na televisheni wana kipaji, na msamiati wao ni mpana kuliko wa waliowatangulia. Wamelipa soka maneno mazuri: kuotea, kucheka na nyavu, mkwaju, mlinda lango. Tatizo ni kwamba wana daraja moja tu la sauti, nalo ni la juu. Tuchukue mfano, ambao tumeutunga sisi lakini msomaji ataufahamu mara moja: "Kombora la masafa marefu latoka katika guu la dhahabu la mwana wa Mulembe, chui aliyejeruhiwa, asiyekubali kufa kiume hadi ala ya mwisho!" Baada ya jazanda nne tunagundua kwamba mpira ulitoka nje, mbali na lango, na kipa hakuhangaika hata kugeuza shingo. Mpira ulitoka upande gani? Nani alipiga? Pasi ilitoka wapi? Hatukuambiwa.

Atakayewatetea atasema kwamba kwenye televisheni mtazamaji anajionea, hivyo mtangazaji yuko huru kupamba. Hoja hiyo ina uzito, na hatuipuuzi. Lakini pambo lina mahali pake. Wahenga wa ushairi walilijua hilo: kituo hakirudiwi katika kila mshororo. Ukiita kila shuti kombora, siku kombora litakapokuja utaliitaje? Na kwa timu ya katikati madhara ni makubwa zaidi. Lugha ya namna hii haina neno kwa mechi ambayo hakuna aliyecheza vibaya sana wala vizuri sana. Ikikosa ushujaa inatafuta msiba, na ikikosa msiba inahamia Uingereza: mpira ukipoa kidogo tunasikia habari za Arsenal. Shabiki wa Ingwe aliyekaa Sofia, upande wa Uganda wa Busia, anaambiwa kwa njia hiyo kwamba anachokitazama hakistahili kusemwa.

Naye anakisema mwenyewe. Ukitaka kusikia Kiswahili cha soka kilichokamilika, sikiliza wanaoishabikia timu ya katikati kwa miaka ishirini. Kwanza, angalia nafsi wanazotumia. Shabiki wa timu kubwa husema "tumeshinda" siku ya raha, na "wamefungwa" siku ya karaha. Nafsi ya kwanza wingi anaikodi kama boda boda (neno ambalo, kwa njia, lilizaliwa mpakani hapa hapa) na kushuka inapomfaa. Shabiki wa muda mrefu wa Ingwe husema "tumefungwa". Husema "tumetoka sare", "tumepoteza pointi mbili", "tumeuza mshambulizi wetu". Hakuwa uwanjani, hakuuza mtu yeyote, na kutoka Busia hadi Nairobi ni safari ya usiku mzima kwa basi, lakini kiambishi tu- hakimtoki mdomoni.

Pili, hali ya masharti. Sijui nani mwingine katika Afrika Mashariki anaitumia -nge- na -ngali- kwa wingi kama watu hawa. Wasemaji wengi siku hizi wameiacha -ngali- na kutumia -nge- kwa kila kitu, na walimu wengi wamekata tamaa kuitofautisha. Kwenye benchi la mashabiki tofauti ina mipaka iliyo wazi: kabla ya kipenga cha mwisho ni "tungefunga moja tungetulia", maana bado inawezekana, baada ya kipenga ni "tungaliifunga ile penalti, tungalikuwa wa nne". Kipenga ndicho mpaka wa sarufi. Tumelijaribu darasani, na mwanafunzi ambaye mfano wa "ningekuwa na pesa ningenunua gari" ulimpita bila athari alielewa kwa dakika tano.

Kuna watakaolalamika kwamba lugha hiyo imechanganywa: kuna "refa" na "fomu", kuna Kiingereza, Luganda kidogo, na Sheng inayopanda mabasi kutoka Nairobi. Ni kweli, na si yote ya kuigwa. Hatudai mwanafunzi aandike insha kwa lugha ya benchi. Tunadai kwamba miundo iliyo chini ya mchanganyiko huo ni ya Kiswahili imara, na kwamba imehifadhiwa na kazi ya kueleza mambo ya wastani kwa usahihi.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa sasa. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu watakaofanya kazi hiyo Tororo na Busia watahitaji matini za kusikiliza, na rahisi kupatikana itakuwa ile ya makombora na chui waliojeruhiwa. Tungependa wenzetu watazame karibu zaidi. Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa 2007, kiko kando ya barabara ya Tororo; ng'ambo kuna Alupe, kilichoanza kama chuo kishiriki cha Moi. Mechi za vyuo hazina kamera wala jazanda, na aghalabu hazina mtangazaji kabisa. Mpe mwanafunzi wa mwaka wa pili simu yenye kinasa sauti, asimame karibu na mstari, amtangazie mwenzake aliyegeuka mgongo. Mgongo huo ndio mtihani: mwenzake akishindwa kusema mpira uko wapi, mtangazaji hajafaulu, hata akiwa ametumia methali kumi.

Katika mazoezi ya aina hiyo ulizuka ubishi ambao bado haujaisha. Watanzania huita mechi isiyo na bao suluhu, na ile ya bao kwa bao sare. Wakenya wengi huita zote mbili sare. Wanafunzi wa upande wa Kenya wanaona suluhu ni ya kesi na ndoa. Wa upande wa Uganda, ambao wengi wameipata kwenye Azam TV, wanashikilia kwamba maneno mawili ni bora kuliko moja. Sisi tuko upande wao. Kwa timu kama yetu, neno maalumu la 0-0 ni chombo cha kila wiki.