Kioo cha Ndumakuwili

Ndugu msomaji, lugha yetu ina jina la mtu mwenye nyuso mbili: ndumakuwili, yule nyoka adhaniwaye kuwa na kichwa huku na huku. Jina hilo halikupata kuwa la sifa. Lakini iko sinema mashuhuri iliyolivisha joho la ushujaa. Nayo ni "Triple Cross", iliyotoka mwaka 1966, ikaongozwa na Terence Young, yule yule aliyeongoza sinema ya kwanza ya James Bond.

Kisa chake kina asili ya kweli. Eddie Chapman alikuwa Mwingereza mvunja makasha ya fedha. Vita Vikuu vya Pili vilimkuta gerezani katika kisiwa cha Jersey, na mwaka 1940 Wajerumani wakakiteka kisiwa hicho. Chapman akajitolea kuwa jasusi wao, wakamfunza huko Ufaransa. Desemba 1942 wakamshusha Uingereza kwa mwavuli, akalipue kiwanda cha ndege huko Hatfield. Alipofika alijisalimisha, akawatumikia Waingereza. Januari 1943 kiwanda kikapambwa kwa hila hata kikaonekana toka angani kama gofu. Wajerumani wakasadiki, na baadaye wakamvika nishani yao ya Msalaba wa Chuma.

Tuseme haki: sinema hii imetengenezwa kwa ustadi. Christopher Plummer anamwigiza Chapman kwa utulivu na tabasamu lisilofutika, na Yul Brynner, katika nafasi ya afisa wa Kijerumani, ana haiba inayotosha peke yake kumkalisha mtazamaji kitini. Wala hatumlaumu msanii kwa kutuonyesha mtu mwovu. Sanaa isiyothubutu kumtazama mwovu haiwezi kutuonya naye.

Lawama yetu ni nyingine. Sinema inatuonyesha hiana, lakini haituonyeshi aliyehiniwa. Chapman anadanganya huku, anapokea malipo kule, anapendwa na wanawake wazuri, na mwisho wa yote hapana anayelia. Je, mambo yalikuwa hivyo? La, hayakuwa.

Huko Oslo Chapman alipendana na msichana wa Kinorwe, Dagmar Lahlum. Akamfunulia siri kwamba yeye ni mtu wa Uingereza, naye binti yule akaitunza siri hiyo kama amana. Vita vilipokwisha, watu wa kwao wakamhesabu kuwa ni kipenzi cha Mjerumani. Akahukumiwa na kufungwa. Chapman hakurudi kumtetea; mwaka 1947 alioa mwanamke mwingine. Nyaraka za idara ya usalama ya Uingereza juu ya mambo yake zilifunguliwa mwaka 2001, miaka mingi baada ya sinema, kwa hiyo si haki kumtaka Terence Young ajue yote. Lakini kulihitajiwa nyaraka gani kujua kwamba mtu aishiye kwa uwongo lazima awe na mtu anayeulipia uwongo huo?

Pengine utasema: "Lakini aliisaidia haki, na wengi walisalimika kwa ajili yake." Ni kweli, wala hatukani. Ila faida ya tendo ni jambo moja, na nia ya mtendaji ni jambo jingine. Mvua huotesha shamba la mwizi pia, na mwizi habaki ila mwizi.

Ajabu ni kwamba sinema yenyewe, katika tukio lake la mwisho, inalitoa jibu. Chapman yuko kilabuni, anaulizwa: hasa ulikuwa ukimtumikia nani? Hasemi neno. Anainua bilauri yake kuitukuza sura yake mwenyewe katika kioo. Watazamaji hucheka hapo.

Wewe usicheke upesi, msomaji. Kitazame kioo kile vizuri. Ndani yake mna sura moja tu: hamna nchi, hamna rafiki, hamna Dagmar. Mtu aliyewauza wote amebaki na mmoja wa kunywa naye, naye ni yeye mwenyewe. Hapo pangefaa kilio. Mwongozaji akaweka kichekesho.