Jibu Lililokosea Bahari

Msimu wa mbina, mashindano ya ngoma ya Wasukuma, ukifika baada ya mavuno, mtu wa Somanda hahitaji kufundishwa jibu ni nini. Kundi la Bagika huku, la Bagalu kule, uwanja mmoja, muda uleule, na watu katikati. Ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, wa upande mmoja akirusha wimbo wa kumkejeli mwenzake, yule wa upande wa pili hana nafasi ya kutangaza kwamba ule si wimbo. Watu wameshausikia, na baadhi wameshaanza kusogea. Sharti aushike palepale unapouma, augeuze, aurudishe, la sivyo atabaki na ngoma zake na vumbi. Ndivyo mashindano haya yanavyokumbukwa tangu enzi za Ngika na Gumha, waganga wawili wanaotajwa kuwa waasisi wa makundi hayo. Kwa kipimo hicho, jibu ambalo wanamapokeo wa ushairi wa Kiswahili walimpa Euphrase Kezilahabi baada ya Kichomi kutoka mwaka 1974 lilikosewa tangu mshororo wa kwanza. Nasema lilikosewa kiufundi. Suala la nani alikuwa na haki kuhusu vina nitaligusa, lakini silo linaloniuma.

Mgogoro wenyewe, wa vina na mizani, sitaurudia wote. Mwaka 1973 Kahigi na Mulokozi walitangulia na Mashairi ya Kisasa. Mwaka uliofuata ikaja Kichomi, diwani ya Kezilahabi, mtoto wa Namagondo, Ukerewe, aliyetetea waziwazi uamuzi wake wa kuacha vina na mizani. Mbele ya wanamapokeo palikuwa na kazi ya mtu aliyejaribu jambo, akaeleza kwa nini analijaribu, akatia jina lake. Walikuwa na nafasi ya kuzishika tungo hizo moja baada ya nyingine, waseme hii imesimama na hii imelegea, hapa amesema kweli na hapa amepotoka. Hoja waliyoitanguliza, na ambayo iliendelea kurudiwa miaka na miaka, ni kwamba haya si mashairi. Uamuzi huo ndio ninaoupinga. Athari yake bado ipo kwenye vitabu vya shule, ambamo mashairi yasiyo na vina huorodheshwa kwa majina ya mavue, masivina na guni.

Hilo neno guni ndilo linaloonyesha kosa lilipo. Katika ufundi wa utunzi, guni ina maana yake halisi. Mtungaji amekusudia mizani kumi na sita akaishia kumi na tano. Kina cha kati kimekwenda vizuri beti mbili, kikamponyoka katika ubeti wa tatu. Ukwapi umejaa, utao umepwaya. Hayo ni makosa ya mtu aliyeikubali kanuni kisha ikamshinda. Kezilahabi hakuingia kwenye kanuni hiyo hata ikamshinda. Kumhukumu kwa guni ni kumpigia filimbi ya kuotea mtu aliyekaa kwenye bao akipanga kete zake. Tena hukumu ya aina hiyo ina ubaya wa pili, mkubwa kuliko wa kwanza: haimwachii mwenzako la kujibu. Mtu akiambiwa hoja yake ya ubeti wa nne ni dhaifu, ataitetea, au ataiboresha, au atakiri. Akiambiwa alichoandika si kitu, atabaki kusema ni kitu. Na sehemu kubwa ya mabishano ya miaka ile ilikwama hapo, huyu akisema ni, yule akisema si, huku tungo zenyewe zikikaa kando hazijaguswa.

Wazee wa kazi hii wasingefanya hivyo. Tumrudie Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, ambaye nitaendelea kumrudia hata wasomaji wakichoka. Wakati wa uhasama wa Mombasa na Lamu, uliofikia vita vya Shela mnamo 1812, Muyaka alikuwa upande wa Mazrui wa Mombasa, na upande wa Lamu alikuwapo Bwana Zahidi Mngumi. Mashairi yalivuka bahari kwenda na kurudi. Yalikuwa makali, yenye vitisho na dharau, wala hakuna aliyemwomba mwenzake radhi. Lakini ufundi wa kujibizana tuliourithi kutoka zama hizo una sharti ambalo kila mshairi wa gazetini alilijua baadaye: mjibuji huingia katika bahari, yaani aina ya utungo, ya aliyemwita. Huchukua mizani ileile, mara nyingi vina vilevile, na akiwa hodari hukichukua kituo cha mwenzake akakipindua kikamgeukia mwenyewe. Sharti hilo si pambo. Ni ushahidi kwamba mjibuji amesikiliza mpaka mwisho, kwa sababu huwezi kukipindua kituo ambacho hukukielewa. Ukali unaruhusiwa baada ya hapo, na unauma zaidi.

Hapa nitoe dukuduku la siku nyingi. Tungo za Muyaka zilituokokea kwa juhudi za Mwalimu Sikujua bin Abdallah na W. E. Taylor, kisha William Hichens akazichapisha mwaka 1940, na kwa hilo tunashukuru. Lakini tangu hapo tumezoea diwani ya mtu mmoja, yaani nusu ya mazungumzo. Shairi la jibu likitengwa na shairi lililojibiwa linageuka fumbo, na msomaji anadhani mtungaji alikuwa akizungumza peke yake. Ndiyo maana nakiheshimu sana Kale ya Washairi wa Pemba, kitabu cha mwaka 2011 kilichohaririwa na Abdilatif Abdalla, kwa kuwaweka Kamange na Sarahani pamoja, mshindani na mshindani wake. Kizazi kilichosoma diwani za mtu mmoja mmoja kitajifunza wapi kujibu?

Tukirudi kwenye Kichomi, njia tatu zilikuwa wazi. Ya kwanza ni kumfuata Kezilahabi kwenye uwanja wake: mwanamapokeo aandike tungo isiyo na vina, iliyo bora kuliko ya kwake, halafu aseme, nimeweza hili na bado nachagua mizani. Hilo lingekuwa pigo kubwa, na ndilo lililo karibu zaidi na sharti la zamani la kuingia bahari ya mpinzani. Ya pili ni kuchukua wazo la tungo yake mojawapo na kulitia katika mishororo minne ya shairi, bila kupunguza hata chembe ya uchungu wake, ili ionekane kwamba kanuni haimfungi mwenye jambo. Ya tatu ni kuliacha umbo na kujibu neno. Aliyetaka mfano wa hii hakuhitaji kwenda mbali, kwani Sauti ya Dhiki ilikuwa imetoka mwaka mmoja kabla. Abdilatif aliziandika tungo zile kifungoni kati ya 1969 na 1972, na katika utungo wake wa mnazi aliwapa ndugu wawili, Alii na Badi, kila mmoja hoja zake na nguvu zake, kana kwamba anauwekea kila upande wakili wake. Mtu anayeweza kuandika sauti mbili zinazopingana bila kuidhoofisha mojawapo ameshafika mwisho wa ufundi huu. Na alifanya hivyo ndani ya vina na mizani, kwa hiyo mwanamapokeo asingeweza kudai kwamba mfano umetoka nje.

Mtu atasema wanamapokeo walikuwa na sheria, na sheria ni sheria. Sheria zenyewe ziliandikwa na mshairi Amri Abedi mwaka 1954, na zilikuwa kazi safi. Ila tuzitazame zilikuwa za nini. Zilikuwa mwongozo wa anayejifunza kutunga, kama fundi anavyomwonyesha mwanagenzi namna ya kushika randa. Amri Abedi alifariki mwaka 1964, miaka kumi kabla ya Kichomi, hakuulizwa kama mwongozo wake ugeuzwe rungu. Tena yeye mwenyewe aliliegemeza shairi kwenye wimbo: lisiloimbika halina maana. Basi tukichukue kipimo chake kama alivyokiweka. Nyimbo za baningi wa Usukuma hazihesabiwi mizani kwa mtindo wa shairi la pwani, wala hazifungi kina cha kati na cha mwisho, na zinaimbwa na uwanja mzima mpaka jua linazama. Aliyezisikia akasema hazina sanaa atakuwa hakuzisikia. Kama kuimbika ndiko msingi, basi vina na mizani ni njia moja ya kufika huko, njia nzuri mno, ila si ya pekee, na swali sahihi la kumuuliza Kezilahabi lilikuwa: tungo yako inaimbika kwa njia gani? Swali hilo lingemtoa jasho. Zipo tungo zake ambazo zingejibu vizuri na zipo ambazo zingesita, na hapo ndipo uhakiki ungeanza.

Wapo wanaoumaliza ubishi wote kwa kusema ulikuwa wa pwani na bara, wenye lugha wakiwakatalia wageni. Dai hilo ni la uvivu. Amri Abedi alizaliwa Ujiji. Saadan Kandoro, mtetezi mkubwa wa mapokeo katika UKUTA, chama cha washairi, naye ni wa Ujiji, na kanda hii ya ziwa ilimjua kabla ya mgogoro huo, alipokuwa akifanya kazi ya chama cha TAA Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mathias Mnyampala, aliyetupa ngonjera, yaani mashairi ya majibizano, alikuwa Mgogo. Watu wa bara ndio walioilinda nyumba ya vina kwa ukali kuliko wengi wa pwani. Nadhani sababu ni kwamba waliipata kwa kujifunza, kwa jasho, na mtu akija kusema kwamba inaweza kuachwa, anaonekana kulidharau jasho hilo. Maumivu yao nayaelewa. Lakini maumivu hayo hayageuzi jibu baya kuwa zuri.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni lile linalosema washairi vijana walioacha vina nao hawakuwa wapole, kwamba maneno yao juu ya tungo za kimapokeo yaliuma, na kwamba mlango ukishafunguliwa kila mwenye kalamu atavunja sentensi yake vipande vinne aiite shairi. Sehemu ya pili ya pingamizi hilo imetimia, na anayetaka ushahidi asome diwani nyingi za miaka ya karibuni. Lakini kuiga kwa watu wavivu hakumhukumu aliyeigwa, kama vile maelfu ya mashairi yenye mizani kamili na maneno matupu yasivyomhukumu Shaaban Robert. Njia ya kumzuia mvivu ni kumwonyesha kwa mfano kwa nini mshororo wa Kezilahabi umekatwa pale ulipokatwa, na kwa nini wa kwake umekatwa ovyo. Kazi hiyo inahitaji aliyemsoma Kezilahabi kwa makini. Aliyesema si shairi akafunga kitabu hawezi kuifanya. Na kuhusu ukali wa vijana, nimeshasema kwamba Muyaka na Mngumi walikuwa wakali zaidi.

Ninachokihesabu kuwa hasara kubwa ni kingine. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliwaita washairi akawaomba waieneze kwa wananchi siasa ya Azimio la Arusha, na ngonjera zikaenda mpaka madarasani. Miaka sita baadaye anatokea mtunzi anayeuliza maswali magumu juu ya siasa hiyohiyo, juu ya viongozi, juu ya mtu anayebaki na mashaka yake peke yake wakati umati unashangilia. Hapo palikuwa na jibizano la karne. Washairi walioamini Azimio kwa dhati walikuwapo, tena wenye uwezo, na imani yao ilistahili kupimwa mbele ya mtu aliyetilia shaka. Tungepata leo beti za pande hizo mbili zikikabiliana, na mwanafunzi wa historia angejua wenye imani walimjibu nini mwenye mashaka. Kwa sehemu kubwa tulichobaki nacho ni hesabu ya mizani.

Na hesabu hiyo ndiyo tuliyowarithisha watoto. Mwanafunzi akipewa ubeti darasani huanza kuhesabu silabi, kutaja bahari, kuonyesha kina cha kati, na alama zake amezipata kabla hajaulizwa kama anakubaliana na mtunzi. Akikua anakuwa na majibu ya aina mbili tu kwa kazi ya mwenzake. Isiyomfaa huiondoa kwa neno moja, kama wazee wa 1974. Inayomfaa huipa hongera, kazi nzuri, endelea hivyohivyo. Hongera ya namna hiyo nailaumu sawasawa na ile hukumu, maana nayo hutolewa bila kusoma. Mtunzi aliyesifiwa hivyo hajui ni mshororo upi ulimfikia mtu.

Majibu mazuri yalikuja, ila yalichelewa. Mulokozi na Kahigi walieleza vizuri kwamba vina na mizani pekee havifanyi maneno kuwa shairi. Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu ya mwaka 1988, alijibu kutoka ndani ya mapokeo kwa kukumbusha kwamba shairi ni bahari moja tu kati ya bahari nyingi za tungo, na kwa hoja hiyo moja alifanya kazi ambayo makelele ya miaka kumi na minne hayakuifanya. Mwaka huohuo Kezilahabi alitoa diwani yake ya pili. Katika Kichomi alikuwa ameweka tungo aliyoiita Fungueni Mlango. Hii ya pili akaiita Karibu Ndani.