Nani Alimwua Asmodean? Kitendawili Kilichoteguliwa Nje ya Hadithi

Katika semina yetu moja ya fasihi linganishi, ndugu mmoja wa mwaka wa tatu alisimama akasema kwamba nadharia wanazobuni wasomaji kuhusu mafumbo ya riwaya za fantasia si uhakiki hata kidogo. Ni bahati nasibu, alisema: anayepata kapata, anayekosa kakosa, na jibu likishatoka karatasi zote zinatupwa jaani. Mfano wake ulikuwa kifo cha Asmodean. Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa mmoja wa waliokosa, tena nilikosa kwa kurasa kumi na mbili nilizokesha nikiziandika. Makala haya ni jibu langu kwake, ingawa nakiri mapema kwamba sitamshinda kila mahali.

Kwa msomaji ambaye hajaupitia mfululizo wenyewe, nieleze kwa ufupi. The Wheel of Time ni kazi ya Mmarekani Robert Jordan, ambaye jina lake halisi lilikuwa James Oliver Rigney. Kitabu cha kwanza kilitoka 1990, na cha 14, ambacho ndicho cha mwisho, kilitoka 2013. Asmodean ni mmoja wa wachawi wa kale waliojiuza kwa Mkuu wa Giza. Anatekwa, analazimishwa kumfundisha shujaa Rand kutumia nguvu zake, na huku nje anajifanya malenga mpiga kinubi. Mwishoni mwa kitabu cha 5, The Fires of Heaven (1993), vita vimekwisha katika kasri la Caemlyn. Asmodean anatembea zake kwenye ujia, anafungua mlango mdogo akitafuta divai, anakutana na mtu anayemfahamu, anashtuka, anakufa. Basi. Aliyekuwa nyuma ya mlango hatumwoni.

Hapo ndipo shughuli ilipoanza. Wasomaji walitoa majina mengi, na si kwa kubahatisha kama alivyodai ndugu yangu. Kila jina lilipaswa kuvuka vizuizi kadhaa ambavyo matini yenyewe iliviweka. Nani angeweza kufika Caemlyn siku ile? Nani angemtia Asmodean hofu ya ghafla namna ile, na kwa nini amtambue mara moja? Na maiti ilikwenda wapi, maana Rand na wenzake walimkosa tu wakadhani katoroka? Lanfear aliangushwa na hoja kwamba alikuwa amekwishatumbukia katika lango la ajabu pamoja na Moiraine. Waliomtaka ilibidi waeleze alirudije. Wengine walisema ni Graendal, kwa sababu mwanzoni mwa kitabu hichohicho alikula njama na Rahvin, bwana wa kasri lile, na hivyo alikuwa na sababu ya kuchungulia humo baada ya mwenzake kufa. Kulikuwa na utani pia: wapo waliomshtaki Bela, farasi mzee wa safari ya kwanza. Utani huo naupenda. Unaonyesha kwamba wasomaji walijua tofauti ya hoja na porojo.

Mimi nilimshika Slayer, yule mwindaji anayeingia na kutoka katika ulimwengu wa ndoto apendavyo. Niliona mlango mdogo, chumba kitupu, mtu anayetokea pasipo njia, nikasema huyu hapa. Nilipomsomea dada mmoja tunayeishi bweni moja, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Sasa huyo Asmodean alimjulia wapi?" Nikanyamaza. Aliyekufa alimtambua muuaji wake, na mimi sikuwa na ukurasa hata mmoja unaowakutanisha. Nimwambie basi ndugu wa mwaka wa tatu: nadharia yangu haikuuawa na jibu rasmi. Iliuawa na matini, bwenini, usiku, kwa swali la mtu aliyesoma kwa makini kuniliko. Kama huo si uhakiki, hebu anionyeshe uhakiki ni upi.

Lakini sasa tuje kwenye jibu lenyewe, ambapo ndugu yangu ana haki ya kucheka. Jordan alikuwa akisema kwamba jibu liko wazi kwa msomaji makini, wala hakulitaja. Mwaka 2007 akafariki. Mjane wake Harriet McDougal, aliyekuwa pia mhariri wake, alimchagua Brandon Sanderson aumalize mfululizo kwa kufuata maandishi aliyoyaacha marehemu. Mwaka 2010 kikatoka Towers of Midnight, kitabu cha 13. Ndani ya masimulizi kuna dokezo la kupita tu; jina linatajwa waziwazi kwenye faharasa, huku nyuma, katika maelezo mafupi ya mhusika Graendal. Ndiye. Miaka 17 ya mabishano, na jibu limewekwa mahali ambapo kwa kawaida tunatafuta namna ya kutamka majina.

Sisi tuliokulia kwenye vitendawili tunajua utaratibu. Mtegaji anatega, wasikilizaji wanajaribu, wakishindwa anadai mji. Anapewa mji, anakataa, anapewa mwingine, anaukubali, ndipo anategua. Mji si mchezo wa pembeni; ndio heshima ya jibu, kwani jibu linatoka mdomoni mwa mtegaji mbele ya walioshindwa. Hapa mtegaji aliondoka kabla ya kupewa mji, na jibu likaja kama risiti.

Hata hivyo sitaki kumlaumu Sanderson. Nimerudia kurasa zile nikaona kwamba tatizo lilikuwapo tangu 1993. Jiulize: ndani ya hadithi, ni nani anayetaka kujua? Rand anaona malenga wake hayupo, anaendelea na vita vyake. Hakuna mjane, mdogo wa marehemu, wala askari wa doria anayeuliza. Katika ulimwengu mzima ule wenye wahusika mamia, mauaji haya hayamhusu mtu. Fumbo liliishi baina ya mwandishi na sisi wasomaji peke yetu, juu ya vichwa vya wahusika. Kwa hiyo siku ya jibu ilipofika, hapakuwa na mhusika wa kulipokea. Nani angeshtuka? Nani angelia? Faharasa ndiyo ilikuwa sehemu pekee iliyobaki wazi.

Linganisha na fumbo la mama yake Jon Snow katika kazi ya George R. R. Martin, iliyoanza na A Game of Thrones mwaka 1996. Wasomaji walilitegua mapema sana, na tamthilia ya televisheni ikawathibitisha mwaka 2016, lakini kuteguliwa hakukuliharibu. Sababu ni kwamba Ned Stark anaubeba mzigo wa swali lile kila anapomtazama kijana, na kijana mwenyewe anateseka kwa kutojua. Jibu lina kwa kwenda. La Asmodean halikuwa na kwa kwenda.

Nimalizie na fumbo jingine la Jordan, ambalo naona ndilo alilofaulu. Katika tamati ya A Memory of Light, ambayo sehemu yake kubwa aliiacha ameiandika mwenyewe, Rand amepoteza uwezo wake wote wa kichawi. Anatoa kiko, anafikiria kwamba kimewaka, nacho kinawaka. Yeye mwenyewe hajui kwa nini. Safari hii mtu wa kwanza kushangaa ni mhusika, na sisi tunashangaa nyuma yake. Kuna wanaosema Rand sasa anautengeneza ulimwengu kwa wazo lake, kama alivyojifunza kufanya alipopambana na yule Mkuu wa Giza. Wengine wanasema ni zawadi ya Muumba. Mimi naelemea kwa hao wa kwanza, na yule dada wa bweni amekwishaniuliza swali ambalo sijalipatia jibu: mbona kwenye pambano lile alikuwa na uwezo wake bado?

Nimeomba nafasi ya kulizungumza kwenye semina ijayo. Ndugu wa mwaka wa tatu naye aje, na aje amekisoma kitabu chenyewe, si faharasa.