Mkono Ulioanza
Pina Bausch aliutunga mchezo wa dansi uitwao Kontakthof, ukaonyeshwa kwanza Wuppertal, Ujerumani, mwaka 1978. Pahali pake ni ukumbi wa dansi. Wachezaji waliojipamba huja mbele wakituonyesha meno na mikono, kana kwamba wako mnadani. Baadaye wanaume humzunguka mwanamke mmoja wakimpapasa kwa huruma. Huruma hiyo hugeuka mateso, wala huwezi kusema ni mkono upi ulioanza. Kikulacho ki nguoni mwako. Mwaka 2000 waliucheza wazee wa miaka 65 na zaidi, na mwaka 2008 vijana. Urefu wake huchosha. Lakini baada ya hayo, ni nani atakayedai kuwa maradhi haya ni ya rika jingine?